Dirisha la Nne

Miaka kumi na mmoja nimeketi nyuma ya kioo hiki
chenye tundu la kupitishia sauti na mwanya wa kupitishia pesa.
Swali langu moja tu: "Kadi iko hai?"
Mwenye kadi kama yu hai, sikuuliza.
Hilo ni la chumba cha saba.

Kadi hufa kimya. Mwezi mmoja bila kibarua,
karo, kodi ya nyumba kule Mukuru,
na kadi imekata roho bila matanga.
Ukija kuugua, mimi ndiye ninayekusomea tanzia:
"Ililala tangu Februari. Lipa malimbikizo, ama taslimu."

Kisha ikaja mvua ile ya Aprili.
Mtaro wa maji taka ukapasuka nyuma ya kiwanda cha misumari,
bomba la plastiki likanywa kisichonyweka,
na kufikia Jumanne kipindupindu kilishabisha kila mlango,
hakikumdai mtu risiti.

Walikuja kwa mkokoteni. Walikuja kwa bodaboda,
mgonjwa katikati, amefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva.
Kwamboka alikuja na kaka yake, Nyamweya, fundi wa mabati,
akasukuma kwenye mwanya noti tatu na sarafu zilizolowa.
Nilizihesabu.
Naandika hivyo ili mkono wangu usikie:
nilizihesabu. Mia tatu na arobaini.
Nikamwambia akae benchini, apige simu kwa jamaa.

Benchi lile lina msumari uliochomoza.
Nyamweya hakuulalamikia.

Waraka ulifika Alhamisi, saa tano asubuhi,
karatasi moja, muhuri wa zambarau umeegemea upande:
*Kwa muda wa dharura hii kila mkazi ahesabiwe mwanachama.
Malimbikizo yasiulizwe.
Asiye na kitambulisho, jina latosha.*
Mutheu wa dirisha la tano akacheka, akalia,
akaenda kunawa kwa klorini kama tulivyoagizwa.

Jina latosha.
Kumbe ilikuwa karatasi moja!
Nami niliyedhani ni ukuta, ni mwamba,
ni jambo lililokuwepo kabla ya hospitali kujengwa,
kumbe ilikuwa kalamu ya mtu,
na siku ya kazi, na mtu kuamua.

Wa kwanza nikamwuliza, "Kadi iko..."
ulimi ukajikwaa. "Samahani. Jina?"
Jerotich muuza omena. Wekulo na wanawe watatu.
Mtoto asiyepewa jina bado: *wa Mwende, kike, siku tisa.*
Mgeni wa kutoka ng'ambo ya mpaka
aliyenong'ona jina lake kama anayetoa hongo.
Bibi mmoja alitoa kadi yake mfu, ameivisha nailoni,
akaniomba niifufue. Nikamwambia haihitajiki.
Akairudisha kifuani hata hivyo.

Ijumaa Kwamboka akarudi, peke yake.
Alitaka karatasi ya kumtoa Nyamweya mochari.
Nyamweya alifariki Jumatano, usiku.
Waraka ulianza Alhamisi.
Kati ya hizo mbili, kompyuta ilisema, kuna deni:
elfu kumi na nane na mia nne.

Hakulia. Aliniangalia tu kupitia tundu la sauti,
kana kwamba sauti ningeitoa mimi.
Kompyuta ikauliza tarehe ya kulazwa.
Nikaandika Alhamisi.
Ikauliza tarehe ya kufariki.
Nikampa Nyamweya siku moja zaidi,
ndiyo niliyokuwa nayo.

Sasa waraka nimeubandika kwenye kioo.
Tarehe ya kukoma kwake imeandikwa chini kabisa,
pale pale kwenye mwanya wa pesa,
na watu wakipitisha mikono iliyolowa klorini
kunipa majina yao kwenye vipande vya boksi,
wino unafutika, kidogo kidogo.

Leo asubuhi nimeinama kuangalia.
Bado inasomeka.